Mapukutiko katika Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge: mwongozo kamili wa ziara tatu

Kamusi zetu huyaita majira haya vuli. Kwa mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, hata hivyo, vuli ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba, wakati wa kulima na kutia mbegu ardhini, ilhali huku Uingereza miezi hiyo hiyo ndiyo miti inapovua majani na udongo kuanza kupoa. Ili msomaji asichanganye mvua za kwetu na majani ya huku, katika mwongozo huu nitatumia neno mapukutiko.

Mwongozo huu unawahusu hasa Waswahili wanaoishi Uingereza, wanafunzi waliofika karibuni, na wageni wanaopita Cambridge kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Novemba. Ardhi ya bustani hii ilipatikana mwaka 1831 kwa juhudi za Profesa John Stevens Henslow, mwalimu wa Charles Darwin, na bustani ikafunguliwa mwaka 1846. Leo ina ekari 40 na zaidi ya aina 8,000 za mimea, na hapo ndipo mtego ulipo: mgeni huingia saa tano, huzunguka mbio ekari zote, hupiga picha za mti mmoja mwekundu, kisha hutoka akiwa na miguu inayouma na bila jina hata moja kichwani. Pendekezo langu ni kinyume cha hayo. Nenda mara tatu, kila mara kwa saa mbili tu, na urudie kuitazama mimea ile ile michache. Mapukutiko ni mwendo, na mwendo hauonekani kwa mtazamo mmoja.

Hatua ya kwanza: panga tarehe zako

Ziara ya kwanza iwe katika wiki ya mwisho ya Septemba au ya kwanza ya Oktoba, wakati majani mengi bado ni ya kijani lakini maua ya msimu yamekwisha kutoka chini ya miti. Ya pili iwe kati ya tarehe 20 Oktoba na siku za mwanzo za Novemba, ambapo rangi huwa zimefika kileleni. Ya tatu iwe katika nusu ya pili ya Novemba. Mwenye nafasi ya ziara moja tu achague ya pili, ingawa atakuwa amekosa nusu ya hadithi.

Zingatia saa. Kwa kawaida bustani hufunguliwa saa nne asubuhi, nayo hufungwa saa kumi na moja jioni mwezi Oktoba na saa kumi jioni kuanzia Novemba, huku nyumba za vioo zikifungwa mapema kidogo kuliko bustani yenyewe. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mtu aliyezoea jua la ikweta, linalozama karibu wakati ule ule mwaka mzima, hushangazwa sana na jambo hilo: mwanzoni mwa Oktoba jua huzama yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini mwishoni mwa Novemba huwa limezama hata kabla ya saa kumi. Fika asubuhi. Mwanga wa chini wa saa nne na saa tano, unaopenya majani kwa upande, ndio unaoonyesha rangi vizuri kuliko wowote.

Kabla ya kuondoka nyumbani, angalia katika tovuti ya bustani bei ya tiketi na kalenda ya shughuli, kwa kuwa siku ya matufaha, ambayo kwa kawaida hufanyika Oktoba, hujaza watu wengi, na asiyependa msongamano ni bora achague siku nyingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge huingia bure kwa kitambulisho chao. Anayetoka London kwa treni ashuke stesheni ya Cambridge. Lango la upande wa Hills Road liko umbali wa dakika chache kwa miguu.

Hatua ya pili: chukua vifaa vichache

Unahitaji daftari, penseli, rula fupi na kioo cha kukuzia. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa sababu Cambridge, ingawa ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko nyingine nchini Uingereza, ina umande mzito asubuhi za Oktoba, na wino ukilowa hutiririka. Vaa viatu visivyopenya maji. Vaa pia nguo nyepesi kadhaa juu ya nyingine badala ya koti moja zito, kwani utatoka kwenye baridi ya nyuzi 8 na kuingia katika nyumba ya kioo yenye joto la Dar es Salaam.

Usichukue mkasi. Hairuhusiwi kukata wala kuchuma kitu chochote bustanini, na hata jani lililoanguka ni adabu kumuuliza mfanyakazi kwanza kabla ya kuliokota. Kila mmea hapa una kumbukumbu zake za kitafiti, na mbegu moja inayotiwa mfukoni inaweza kuwa ile ambayo mtunza bustani amekuwa akiisubiri tangu Mei.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma kibao

Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mbele ya mimea mingi kuna kibao kidogo chenye jina la kisayansi la Kilatini, jina la familia ya mmea, mahali unakoota kiasili, na namba ya kumbukumbu. Neno la kwanza la jina la kisayansi ni jenasi, yaani kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu, la pili ni spishi, yaani aina yenyewe ndani ya kundi hilo. Ukiona jina la pili ni *japonicum*, *persica* au *sinensis*, umekwisha kuambiwa Japani, Uajemi au China kabla hata ya kufika kwenye mstari wa asili. Namba ya kumbukumbu ni kama cheti cha kuzaliwa: kwayo watafiti hujua mmea ulitoka wapi na uliingia lini.

Andika jina lote daftarini, tarehe, na jambo moja uliloliona kwa macho yako. Si lazima liwe kubwa. "Majani ya juu yameanza manjano, ya chini bado" linatosha kabisa, na ndilo litakalokuwa na thamani utakaporudi wiki tatu baadaye.

Hatua ya nne: ziara ya kwanza, tazama chini

Mwishoni mwa Septemba mgeni hutazama juu kutafuta majani mekundu, hayaoni, akasikitika. Ainamishe macho. Chini ya miti utaona maua ya waridi yaliyopauka yakisimama yenyewe kwenye udongo, bila jani hata moja. Hayo ni *Colchicum*, na hapa Mswahili wa pwani anapaswa kuwa makini kuliko mtu yeyote, kwa sababu yanafanana mno na ua la zafarani, *Crocus sativus*, ambalo nalo huchanua katika mapukutiko.

Tofauti yake ni suala la uhai. *Colchicum* ina sumu kali iitwayo kolchisini katika kila sehemu yake, na kuila kumewahi kuua watu. Hesabu stameni, zile nyuzi zenye chavua ndani ya ua: *Colchicum* ina sita, zafarani ina tatu. Kisha tazama stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua: katika zafarani utaona nyuzi tatu ndefu zenye rangi nyekundu iliyokolea, ambazo hata hulegea na kuning'inia nje ya petali. Hizo nyuzi tatu ndizo hukaushwa na kutiwa katika biriani yetu, na kwa kuwa yahitajika maua yapatayo 150 kupata gramu moja ya zafarani kavu, bei yake dukani haina dhuluma. Mji wa Saffron Walden, ulioko kusini mwa Cambridge mwendo wa kilomita 25 hivi, ulipata jina lake kutokana na kilimo cha zao hili, kilichostawi huko katika karne ya 16 na ya 17. Sentensi hiyo niliwahi kumsomea shangazi kwenye simu, naye akauliza kwa nini basi Waingereza wanakula wali mweupe.

Karibu na hapo tafuta *Cyclamen hederifolium*, ua dogo la waridi au jeupe lenye petali zilizokunjwa nyuma kana kwamba limepigwa na upepo. Inama na utumie kioo cha kukuzia. Ua lililokwisha kuchavushwa hujizungusha kikonyo chake kama springi hadi tunda likafika ardhini, na mbegu zake, ambazo zina utando mtamu, hubebwa na sisimizi. Ukiona mmea huu umeota mahali pa ajabu, katika ufa wa ngazi kwa mfano, usimsifu mtunza bustani, msifu sisimizi.

Jambo la mwisho katika ziara hii ni kusimama dakika tano mbele ya ukuta au mti uliofunikwa na mtambaazi *Hedera helix*. Maua yake ya kijani kibichi hayana uzuri wowote, lakini huchanua Septemba na Oktoba, wakati maua mengine mengi yamekwisha, hivyo nyuki, nyigu na vipepeo huyajaa kama watu kwenye duka pekee lililo wazi usiku. Kuna hata aina ya nyuki, *Colletes hederae*, ambaye maisha yake yamefungamana na mmea huu, na ambaye alionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2001.

Hatua ya tano: ziara ya pili, rangi na sababu yake

Kabla ya kuingia, elewa kinachotokea ndani ya jani. Rangi ya kijani hutokana na umbijani, yaani klorofili, ambayo ni ghali kwa mmea kuitengeneza na hudai naitrojeni nyingi. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti hauachi majani yafe ovyo: huivunja klorofili, huirudisha naitrojeni katika matawi na mizizi, kisha hujenga tabaka la seli dhaifu mahali kikonyo kinapoungana na tawi, na hapo ndipo jani hukatikia. Rangi ya manjano inayojitokeza haikutengenezwa upya. Ilikuwamo tangu majira ya kuchipua, ila imefunikwa na kijani. Nyekundu na zambarau, kinyume chake, hutengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na ndiyo maana mwaka wenye siku za jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huleta wekundu mkali, ilhali mwaka wa mawingu huleta manjano na hudhurungi tu.

Anzia kwa mti uitwao katsura, *Cercidiphyllum japonicum*, kwa kuwa huwahi kubadilika. Majani yake ni ya mviringo mfano wa moyo, na yanapokauka na kuanguka hutoa harufu ambayo Wazungu huifananisha na peremende zao. Kwa pua yangu mimi ni sukari guru inayochemka jikoni. Usiyanuse mtini, hutapata kitu. Simama upande upepo unakoelekea, juu ya majani yaliyolala chini yenye unyevu kidogo, na usubiri.

Kisha nenda ziwani, na upange kutumia nusu nzima ya muda wako hapo. Kuna miti miwili jamii ya misonobari ambayo, tofauti na ndugu zake wengi, huangusha majani: *Metasequoia glyptostroboides* ya China na *Taxodium distichum* ya vinamasi vya kusini mashariki mwa Marekani. Zoezi la kuitofautisha ni zuri kwa watoto na kwa watu wazima wasiopenda kukiri kwamba hawajui. Tazama vitawi vidogo vyenye majani membamba kama manyoya: katika *Metasequoia* majani hukaa mawili mawili, yakielekeana, katika *Taxodium* hupishana, moja huku, jingine kule mbele kidogo. Ukishaliona mara moja hutalisahau.

Historia ya *Metasequoia* inastahili kusimuliwa ukiwa umesimama chini yake. Mwaka 1941 mwanasayansi wa Japani, Shigeru Miki, aliielezea jenasi hii kutokana na visukuku pekee, na ilidhaniwa kwamba ilikwisha kutoweka duniani tangu zama za kale. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 miti hai ikapatikana katika bonde moja nchini China, mbegu zikasambazwa kwa bustani za mimea ulimwenguni kuanzia mwaka 1948, na mti wa Cambridge ni miongoni mwa ya kwanza kabisa kupandwa Uingereza. Mwishoni mwa Oktoba majani yake hugeuka rangi ya chungwa inayokaribia shaba, na taswira yake majini huwa nzuri kuliko mti wenyewe, hasa upepo ukitulia.

Upande wa lango la Brookside palikuwa na mtufaha uliopandwa mwaka 1954, kizazi kwa njia ya kupandikiza cha ule mti wa nyumbani kwa mwanasayansi Isaac Newton huko Lincolnshire, ambao husimuliwa kwamba tufaha lake lilimpa wazo la nguvu ya mvutano. Uliangushwa na dhoruba iliyoitwa Eunice Februari 2022, baada ya kudhoofishwa na kuvu ya mizizi. Watunza bustani walikuwa wamekwisha kuupandikiza mapema. Ni vizuri kukumbuka hapo kwamba tufaha la mbegu halifanani na mzazi wake, na kwamba aina ya matufaha huendelea kwa kikonyo kilichounganishwa katika shina jingine, kama wakulima wetu wanavyofanya kwa maembe na machungwa.

Uyoga utauona kila mahali baada ya mvua. Utazame, uuchore, usiuguse ukala. Uingereza ina uyoga unaoua unaofanana na ule unaoliwa, na uzoefu wa kuokota uyoga wa Iringa hauhamishiki hapa.

Hatua ya sita: pumzika katika nyumba za vioo

Baridi ikikushinda, ingia. Iache kamera ndani ya mfuko kwa dakika kumi kwanza, vinginevyo kioo chake kitafunikwa na ukungu, na mwenye miwani aivue. Katika sehemu ya nchi za joto utakutana na unyevu unaoufahamu tangu utotoni. Sina ushauri wa kitaalamu hapo, kaa tu.

Hatua ya saba: ziara ya tatu, miti iliyo uchi

Wengi huona kwamba mwishoni mwa Novemba hakuna cha kutazamwa. Ndio wakati nipendao. *Ginkgo biloba*, mwenye majani mfano wa upepeo, huwa wa manjano safi kwa siku chache kisha, baada ya usiku mmoja wa barafu, huweza kuyaangusha karibu yote kwa pamoja, hivyo kwamba unakuta zulia la duara chini yake. Ukisikia harufu mbaya kama ya siagi iliyochacha, usilaumu viatu vyako: ni mbegu za mti wa kike.

Sasa sogelea tawi lolote lisilo na majani na utumie kioo cha kukuzia. Utaona kovu pale jani lilipokatikia, na juu ya kovu hilo kichipukizi kilichofungwa vizuri ndani ya magamba. Kichipukizi hicho hakikuja baada ya jani kuanguka; kilitengenezwa tangu kiangazi. Linganisha na maandishi yako ya ziara ya kwanza na ya pili ya mti ule ule, na hapo ndipo utafahamu kwa nini nilisisitiza kurudi.

Malizia katika Bustani ya Majira ya Baridi, iliyoanza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo vichaka vyake vya jenasi *Cornus* huonyesha fito nyekundu, za manjano na za rangi ya chungwa pindi majani yanapoondoka. Fika wakati jua likiwa chini, na ujiweke jua likiwa mgongoni kwako.

Hatua ya nane: kazi za nyumbani

Okota majani katika mtaa wako au katika viwanja vya wazi kama Jesus Green, si bustanini. Ili kuyakausha, yapange kati ya kurasa za gazeti bila kugusana, weka juu yake vitabu vizito, na ubadilishe gazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo, kwa kuwa unyevu ukibaki majani hupata ukungu na kuwa meusi. Baada ya wiki mbili yagundishe kwenye karatasi ngumu na uandike chini jina, mahali na tarehe. Karatasi isiyo na tarehe ni pambo tu.

Wenye watoto wanaweza kuiona rangi iliyofichika kwa macho. Mwanzoni mwa Oktoba chukua majani ya kijani, yachanechane ndani ya glasi, mimina spiriti kidogo hadi yafunikwe, kisha usimamishe glasi ndani ya bakuli la maji ya moto kwa nusu saa, mbali kabisa na jiko au mshumaa. Tumbukiza ncha ya kipande kirefu cha karatasi ya kuchujia kahawa. Rangi zitapanda polepole, na juu ya mstari wa kijani mara nyingi utajitokeza mstari wa manjano. Kazi ya spiriti aifanye mtu mzima.

Mwisho, panda tulipu. Bustani hii hutunza mkusanyo wa kitaifa wa tulipu za asili, ambazo nyingi hutoka milima ya Asia ya Kati, na matunguu yake huuzwa katika maduka ya kawaida kuanzia Septemba. Usiyapande mapema, subiri Novemba, wakati baridi inapopunguza ugonjwa wa kuvu unaounguza majani yake. Chukua chungu chenye matundu chini, changanya udongo na kokoto ndogo ili maji yasituame, weka kila tunguu ncha ikitazama juu kwa kina cha mara tatu ya urefu wake, na uache nafasi ya upana wa tunguu moja kati yao. Mwagilia mara moja tu, kisha funika kwa wavu wa waya, kwa sababu kindi wa kijivu watafukua chungu siku ya kwanza kana kwamba wamepewa anwani. Wavu huo uondoe Februari, vichipukizi vinapofikia urefu wa kidole.